Kabla hujaacha kazi kwenda kufundisha

Kila mwaka watu wawili watatu hunipigia simu wakitaka kujua nilifanyaje. Wanajua nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 9 na kwamba sasa nafundisha hisabati sekondari, na swali lao la kwanza huwa moja: nisome chuo gani? Najibu, lakini sianzi na hilo. Kwanza nawauliza ni lini mara ya mwisho waliingia darasani wakakaa nyuma.

Nauliza hivyo kwa sababu sisi tunaotoka kazi nyingine tunakuja na picha ya darasa tulilosoma wenyewe, tena tukiwa wanafunzi wazuri. Anayetamani kufundisha fizikia ni yule aliyeipenda fizikia. Aliketi mbele, akanyoosha mkono, mwalimu akamjua kwa jina. Wale arobaini waliokuwa nyuma yake hakuwahi kugeuka kuwatazama, na hao ndio atakaowafundisha.

Kwa hiyo, kabla ya chuo na kabla ya barua ya kuacha kazi, tafuta shule. Mwone mkuu wa shule, mweleze nia yako bila kuficha, omba kukaa wiki moja. Tumia likizo yako ya mwaka. Iwe shule ya kata ya kawaida, usichague ile uliyosoma wala anakosoma mwanao. Kaa ofisi ya walimu pia, usiishie darasani. Tazama madaftari yaliyopangwa mezani na upige hesabu: mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 akitoa zoezi moja tu anarudi na madaftari 180. Kwa dakika mbili kila daftari, hizo ni saa sita, na bado hajaandika andalio la somo la kesho, hajajaza mahudhurio, na pengine wiki hiyo ndiye mwalimu wa zamu, anayefika kabla ya wanafunzi na kuondoka baada yao. Ukiyaona haya kwa macho yako na bado moyo unakuvuta, endelea kusoma.

Sasa nieleze kilichonipata mimi, maana ndicho ningependa mtu angeniambia mapema.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, kidato cha kwanza, mada ya kujumlisha sehemu. Nilijiandaa usiku kucha. Andalio limejaa, zana nimezikata kwa maboksi, kila dakika ya kipindi ina kazi yake. Nikaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, nikaeleza kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, nikasema tutafute LCM. Nikauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitika, "Yes madam!"

Nikapita kati ya madawati. Daftari la kwanza: mbili ya tano. La pili: mbili ya tano. Walikuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Binti mmoja aliyekaa dirishani alikuwa ameandika tarehe na mada, akapigia mstari kwa rula, kisha basi. Nikainama nikamweleza tena, maneno yaleyale, polepole zaidi. Akaitikia kwa kichwa. Kalamu haikusogea. Ndipo jirani yake akamnong'oneza, "Si KDS hiyo!"

Uso wake ukafunguka. Akaandika 6, akateremka mstari kwa mstari bila kusita mpaka tano ya sita. Hesabu ile alikuwa nayo tangu shule ya msingi. Alikuwa anaijua kwa jina la KDS, kigawe kidogo cha shirika, ambacho kwa Kiingereza ndiyo LCM, na mimi, mwenye shahada ya takwimu, nilikuwa nimekwishalisahau jina hilo. Mtoto mwenzake alimfundisha kwa maneno matatu kilichonishinda kwa dakika 20.

Tangu siku ile naamini maandalizi makubwa ya anayehamia ualimu ni kurudi kule ambako mwanafunzi anatoka. Tafuta vitabu vya darasa la tano, la sita na la saba vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vingi vipo kwenye maktaba mtandao yake. Visome kwa Kiswahili. Andika pembeni kila neno la somo lako kama mtoto alivyolijua: kiasi na asili, kizio, mzingo, wastani. Kama unaenda kufundisha baiolojia, jifunze upya usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula kwa majina hayo. Kujua somo ulikuja nako tayari. Linalotaka kujengwa ni uwezo wa kukaa na mtu asiyeelewa bila kukasirika na bila kumfanya aone aibu, na huo hauji na cheti.

Halafu jua kwamba mtaala uliosoma wewe huenda haupo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilikuja na mitaala iliyoanza kutumika kwa awamu Januari 2024. Kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na upande wa sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Huu wa amali nausisitiza kwa mafundi, wataalamu wa kilimo, watu wa umeme na ushonaji wanaodhani ualimu ni wa waliosoma sanaa na sayansi za vitabuni tu. Shule zenye mkondo huo zinahitaji watu ambao mikono yao imeshazoea kazi yenyewe.

Tuje kwenye vyeti. Mwenye shahada isiyo ya ualimu njia yake ya kawaida ni stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo watu wengi huiita PGDE. Aliyeishia kidato cha sita huenda stashahada ya ualimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kimbilio la waliokwishaajiriwa kwa sababu masomo yake ni ya masafa, lakini usijidanganye kwamba kila kitu utakifanya usiku baada ya kazi. Mazoezi ya kufundisha ni ya mchana, shuleni, wiki kadhaa mfululizo, na msimamizi anakuja kukutazama. Zungumza na mwajiri wako mapema kuhusu wiki hizo. Pia peleka nakala ya matokeo yako ya shahada chuoni kabla hujalipa chochote, uulize ni masomo gani ya kufundishia yanayotambulika humo. Nimeona mtu mwenye shahada nzuri ya usimamizi wa miradi akigundua baada ya kujisajili kwamba hana somo hata moja lenye kozi za kutosha.

Kama lengo ni shule ya serikali, miaka ya karibuni nafasi za walimu zinaombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira, na kuna usaili. Matangazo hayo kwa kawaida hutaka mwombaji asizidi miaka 45, na hayapokei hati za matokeo badala ya vyeti vyenyewe. Kwa hiyo, ukiwa bado na mshahara na muda wa kufuatilia, chukua vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita vilivyobaki kabatini shuleni kwenu. Hakikisha jina la cheti cha kuzaliwa, la kitambulisho cha NIDA na la vyeti vya shule ni moja, herufi kwa herufi. Kama uliolewa ukabadili jina, au jina la babu limeandikwa kwenye cheti kimoja na kuachwa kwenye kingine, lishughulikie sasa kwa hati ya kisheria. Jambo dogo hili limewarudisha watu nyumbani siku ya usaili.

Kati ya kumaliza chuo na kuajiriwa kuna kipindi ambacho hakuna anayeweza kukuambia urefu wake. Wengine wanajitolea shule za jirani, wengine wanaingia shule binafsi. Mimi nilianzia shule binafsi moja, sitaitaja, ambapo Juni na Desemba hatukulipwa kwa maelezo kwamba wanafunzi wako likizo. Sikuwa nimeuliza. Wewe uliza: mkataba ni wa maandishi, mshahara ni wa miezi 12, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa kila mwezi? Usiridhike na jibu la mdomo. Ukishaanza kazi angalia mwenyewe kama michango imeingia.

Hapa nazungumza kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ya mikopo. Usihame ukiwa na mkopo wa mshahara. Marejesho yake yalipangwa kwa mshahara unaouacha, na benki haitapunguza kwa sababu umekwenda kufanya kazi njema. Mimi nilibakiza miezi 14 nilipofanya uamuzi. Nilisubiri yote 14. Iliniuma, lakini wateja niliowaona wakiuza samani za ndani kwa kukosa subira hiyo siwezi kuwasahau. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbuka makato ya 15% ya mshahara wa msingi yanakufuata mpaka deni liishe.

Mwalimu wa shahada serikalini anaanzia ngazi ya mshahara ya TGTS D, wa stashahada TGTS C. Miaka yako 9 au 12 ya kazi nyingine usiitegemee ikupandishe juu ya hapo. Tafuta viwango vinavyotumika sasa, toa makato yote, kisha jaribuni nyumbani kuishi kwa kiasi kinachobaki kwa miezi mitatu mkiwa bado mna mshahara wa zamani. Tofauti iwekeni akiba. Majaribio hayo yatakuonyesha kuliko ushauri wangu wowote, na mwenza wako ataona uamuzi kwenye kikapu cha sokoni badala ya kuusikia kwa maneno tu. Kuhusu pensheni, mtumishi wa umma yuko kwenye mfuko wa PSSSF, na pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Anayeingia na miaka 44 na kustaafu kwa lazima akiwa na 60 ana mwaka mmoja tu wa kupoteza. Usikimbilie kuchukua ulichochangia NSSF. Nenda ofisini kwao uulize namna ya kuunganisha vipindi vya mifuko miwili.

Kituo cha kazi unaweza kupangiwa mbali. Sina mengi ya kusema hapo zaidi ya hili: kaa na mwenza wako, mtaje wilaya ambazo kwenu ni ngumu kabisa, mkubaliane mtafanya nini ikitokea mojawapo, kabla hujajaza fomu.

Lipo jambo moja ambalo vyuoni linapitwa haraka nami naliona zito. Fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, kwa kosa kubwa, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi. Ukiingia ofisi ya walimu utaona fimbo kwenye kona, na siku ya tatu mwenzako atakupa moja kwa nia njema kabisa ili darasa likuheshimu. Amua kabla utamjibu nini. Nilipokuwa nauguza sauti kwa kupaza juu ya watoto 60 na wa nyuma wanacheka, nilielewa jinsi mkono unavyoweza kwenda wenyewe. Mtu ambaye hakuamua mapema ataamuliwa na hasira ya saa nane mchana. Mimi niliamua hapana, na nililazimika kujifunza mengine: kuwajua kwa majina ndani ya wiki mbili, kunyamaza badala ya kupaza, kusimama karibu na dawati linalochemka.

Mambo yote ukishayaweka sawa, ndipo uandike barua na kutoa notisi yako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka siku zisizopungua 28. Ondoka vizuri. Mwajiri wa zamani utamhitaji kama mdhamini.

Na kuhusu ile wiki ya kukaa shuleni, usiiweke Januari, kidato cha kwanza wanakuwa bado wanaripoti, wala Novemba, shule ziko kwenye mitihani ya taifa. Februari inafaa, au Julai wakirudi likizo. Mwombe mkuu wa shule akupe kipindi cha mwisho mchana, joto likiwa limepanda. Kaa dawati la nyuma, na badala ya kumtazama mwalimu, tazama daftari la mtoto aliye karibu nawe.