Kabla ya kulipia forfe ya "ilimite" shambani

Mama mmoja anayefuga kuku wa mayai, kilomita arobaini na kitu kutoka Lubumbashi kwenye barabara ya Kasenga, alinipigia simu Januari akiwa amekasirika. "Papa fundi, ulisemaka ni ilimite! Siku tisa tu, video haifunguke tena." Antena ya intaneti ya setelaiti nilimfungia mimi. Forfe, yaani kifurushi cha intaneti, pia nilimchagulia mimi, nikirudia maneno ya aliyeniuzia bila kusoma masharti. Kwa hiyo haya ninayoandika niliyajifunza kwa aibu, mbele ya mteja.

Tuanze na neno lenyewe. Ilimite ni "bila kikomo", lakini ya setelaiti maana yake ni kwamba hawatakukatia. Hawajaahidi kwamba hawatakupunguzia. Forfe ya yule mama ilikuwa na giga 100 za mbio. Zikiisha, laini inashuka hadi megabiti 1 kwa sekunde mpaka tarehe ya malipo irudi. Wanafanya hivyo kwa sababu setelaiti moja inahudumia eneo kubwa sana, na wote waliomo wanachota kwenye mtungi mmoja.

Basi muuzaji akikutajia giga, usiishie hapo. Mwulize zikiisha kasi inashuka hadi ngapi, na akuonyeshe palipoandikwa. Mwulize kama kuna saa za usiku zisizohesabiwa. Kampuni nyingine zinazo. Mwulize hesabu inaanza upya tarehe gani na kwa saa ya wapi, maana saa sita ya usiku ya Greenwich ni saa nane ya usiku kwetu Lubumbashi, na kuna mtu amewahi kuwasha upakuaji mkubwa saa sita na nusu akidhani mwezi mpya umeingia. Mtu huyo namjua vizuri, ninanyoa ndevu zake kila asubuhi.

Halafu usichanganye megabiti na mega (megabaiti). Biti nane ndizo zinafanya baiti moja. Laini ya megabiti 1 ikikimbia saa nzima bila kupumzika inakuletea mega 450. Mchana na usiku, haifiki hata giga 11. Kwa mtu wa meseji, picha na simu za WhatsApp, hiyo inatosha. Kwa mwenye televisheni, ni kilio.

Nilipofika shambani sikugusa antena. Niliunganisha simu yangu na wifi, nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari (ruta nyingine zina namba tofauti, tazama kibandiko cha chini), nikaingia na nywila iliyo kwenye kibandiko hicho hicho. Humo kuna ukurasa unaoorodhesha kila chombo kilichounganishwa. Mama aliniambia vyombo ni vinne. Mimi nilihesabu kumi na vinne. Simu za wafanyakazi, simu ya dereva anayekuja kuchukua mayai, oridinateri (kompyuta) moja, na televisheni ya mtoto wa dada yake, iliyoletwa kutoka Katuba wiki ile ile antena ilipofungwa.

Tukafanya hesabu kwenye karatasi ya trei ya mayai. Filamu ya HD inakula hadi giga 3 kwa saa. Kijana alikuwa anatazama saa tatu kila jioni, basi giga 9 kwa siku, 81 kwa siku tisa. Simu za mama mwenyewe kwa WhatsApp, kuita wanunuzi wa Likasi na Kasumbalesa, zinakula kama nusu mega kwa dakika. Akiongea saa nzima kila siku, mwezi mzima haumalizi giga moja. Biashara yote ya mayai haikufika dakika ishirini za filamu ile.

Kwa hiyo pima kwanza, ndipo ununue. Chukua wiki moja, fungua Paramètres (mipangilio) kwenye kila simu, tazama kiasi cha data kilichotumika kwa wifi na kwa kadi, jumlisha, zidisha kwa nne na nusu. Ukikuta giga 30, usilipie 200 kwa sababu ya neno tamu.

Baadaye funga mianya. Badilisha nywila ya wifi, hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Kwenye Windows, fungua mtandao wako na uwashe "Connexion limitée", la sivyo masasisho yatashuka usiku bila kukuomba ruhusa. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Picha zinazojihifadhi mtandaoni zenyewe, zizime pia. Filamu usimkataze kijana. Mwambie ashushe ubora hadi 480, au azipakue akiwa mjini.

Sasa, laini ikiwa nzito, usikimbilie kulaumu giga. Giga zikiisha, uzito ni wa saa zote, alfajiri kama jioni: meseji inapita, video inazunguka. Mtungi ukiwa na wachotaji wengi, uzito unakuja jioni tu, na saa kumi na moja alfajiri laini inakimbia. Mvua kubwa inakata kila kitu ghafla, hata meseji, na wingu likipita inarudi yenyewe. Pima kasi alfajiri na jioni, uandike. Usipime kila baada ya dakika tano, kwani kipimo kimoja kwenye laini ya mbio kinaweza kula mega mia na zaidi.

Sauti kwenda na jibu kurudi kwa kuchelewa zaidi ya nusu sekunde ni jambo jingine kabisa. Setelaiti ya yule mama iko karibu kilomita 36,000 juu, na hakuna forfe itakayoisogeza. Za Starlink, waliopewa leseni Kongo mwezi Mei 2025, zinazunguka kwenye kilomita mia tano hivi, kwa hiyo kule kuchelewa karibu hukusikii. Lakini hata huko soma masharti, kuna forfe za giga zinazohesabiwa.

Siku hizi mama ananitumia vipimo vyake viwili kabla ya kunipigia. Mara ya mwisho vyote vilikuwa sifuri, hakuna mvua, giga zimebaki 60. Nikamwomba atoke nje apige picha ya antena. Kuku wawili walikuwa wamelala kwenye mkono wa antena, mbele kabisa ya kichwa kinachopokea mawimbi.