Kuanzisha somo la Uchumi kidato cha tano: wiki sita za mwanzo

Mwanafunzi anayeripoti kidato cha tano mwezi Julai hajawahi kukaa kwenye kipindi cha Uchumi. Ana Jiografia, Uraia, Hisabati, pengine Biashara na Utunzaji wa Hesabu, lakini somo lenyewe analianza hapa, awe EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) au ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu). Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua kama atalielewa au atameza madesa mpaka mtihani wa taifa. Shule za Mbeya, Iringa na Njombe zina bahati moja: Julai ni mavuno ya mahindi, na masoko ya Mwanjelwa, Uyole au Mafinga yamejaa mifano ambayo haihitaji kununuliwa.

Kabla ya kipindi cha kwanza, hakikisha muhtasari ulio mkononi ni ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania unaotumika sasa. Azimio la kazi (mpango wa kufundisha mada kwa wiki) lililonakiliwa kutoka shule jirani mara nyingi bado linafuata mtaala wa kabla ya maboresho ya 2023, na kosa hilo huonekana muhula ukiwa umeshakwenda. Vifaa ni vichache: karatasi za grafu kumi kwa kila mwanafunzi (daftari la hesabu la vimraba linatosha zikikosekana), rula, penseli mbili na chaki za rangi tatu. Rangi tatu si pambo. Mkunjo wa mahitaji (mstari wa grafu unaoonesha kiasi kinachotakiwa kwa kila bei) uwe na rangi moja mwaka mzima, wa ugavi (kiasi kinacholetwa) nyingine, na ya tatu ioneshe kilichohama.

Kila mwanafunzi pia atenge daftari dogo la istilahi lenye safu tatu: neno la Kiingereza kama litakavyoandikwa kwenye mtihani, maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na mfano mmoja wa sokoni. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Wengi hukwama kwa sababu ya lugha na siyo kwa sababu ya uchumi. Mtoto anayejua vizuri kwa nini nyanya hupanda bei wakati wa mvua huandika sentensi ya ajabu akiulizwa jambo hilohilo kwa Kiingereza. Elezeni kwa Kiswahili kwanza, kisha jibu liandikwe kwa Kiingereza kipindi hichohicho, kabla halijapoa.

Wiki ya kwanza usiikabidhi kwa fasili za Uchumi. Wanauchumi Adam Smith wa 1776 na utajiri wa mataifa, Marshall wa 1890 na ustawi, Robbins wa 1932 na uhaba, wote wanaingia kwenye kipindi kimoja. Kuwapa wiki tatu ni kuwafundisha watoto kwamba Uchumi ni somo la kukariri majina ya Wazungu, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni kazi kuing'oa. Tena wiki hiyo wengine bado hawajaripoti; fundisha jambo linaloweza kurudiwa kwa dakika kumi mwenzao akifika.

Jambo hilo ni gharama ya fursa, yaani kile ulichokiacha ulipochagua kingine. Chukua shamba la ekari tano la mkulima wa Uyole anayechagua kati ya viazi mviringo na mahindi. Andika ubaoni magunia haya (namba ni za kufundishia tu):

Viazi 0, mahindi 75
Viazi 40, mahindi 65
Viazi 80, mahindi 50
Viazi 120, mahindi 30
Viazi 160, mahindi 0

Waambie wakokotoe wenyewe tofauti ya mstari mmoja na unaofuata. Magunia 40 ya kwanza ya viazi yanamgharimu mkulima magunia 10 ya mahindi, 40 yanayofuata 15, kisha 20, mwisho 30. Kisha uliza kwa nini gharama inapanda, na unyamaze. Mtoto wa mkulima atalijibu hilo bila kitabu: kipande cha kwanza kuhamishwa ni kile kinachopendwa na viazi, cha mwisho ni kile kilichofaa mahindi tangu zamani. Wachore namba hizo kwenye grafu, viazi mhimili mmoja na mahindi mwingine; mchoro ukikamilika utapinda kwa nje, nao hawatausahau kwa sababu wanajua umepindishwa na nini. Kosa la kawaida hapa ni kuweka alama tano na kuziunganisha kwa rula. Mkunjo huchorwa kwa mkono mlaini, si kwa vipande vya fimbo.

Wiki ya pili ni ya sokoni. Darasa la watu 40 ligawe vikundi nane vya watano, kila kikundi zao moja: mahindi, mchele, viazi, nyanya, maharage, ndizi, parachichi, vitunguu. Omba kibali cha shule na uwape taarifa viongozi wa soko mapema, kwa sababu mfanyabiashara akiona kijana ana daftari na anauliza bei bila kununua, wazo la kwanza ni TRA, watu wa kodi. Waende mchana, mizigo ikishashushwa. Kila kikundi kiulize wauzaji watatu na kuchukua bei ya katikati, siyo ya kwanza waliyotajiwa. Na kinachoandikwa ni bei aliyolipa mnunuzi baada ya kupatana. Ile ya kuanzia mazungumzo haina maana kwenye jedwali.

Vipimo ndipo kazi nyingi huharibikia. Kikundi kimoja kinarudi na bei ya gunia, kingine ya lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), cha tatu ya debe, kisha darasa linashangaa kuona soko moja lina bei tatu. Kila kitu kigeuzwe kuwa kilo. Gunia la kilo 100 kwa shilingi 80,000 ni shilingi 800 kwa kilo. Lumbesa ya kilo 130 kwa shilingi 91,000 ni 700 tu, ingawa kwa macho ndiyo iliyoonekana ghali. Hapohapo waambie kwamba kufungasha mazao zaidi ya kilo 100 kwa gunia kumekatazwa, na waulize ni nani anapoteza mkulima anapokubali lumbesa. Debe nalo lipimwe kwenye mizani mara moja, maana lililojazwa kichuguu na lililofutwa juu kwa ubao hayalingani.

Wiki ya tatu na ya nne zipe mahitaji na ugavi, bila haraka. Anza na jedwali la matenga ya nyanya kwa siku, nalo la kufundishia:

Bei 10,000: yanatakiwa 140, yanaletwa 60
Bei 15,000: yanatakiwa 120, yanaletwa 80
Bei 20,000: yanatakiwa 100, yanaletwa 100
Bei 25,000: yanatakiwa 80, yanaletwa 120
Bei 30,000: yanatakiwa 60, yanaletwa 140

Bei ya msawazo, yaani pale yanayotakiwa na yanayoletwa yanapolingana, ni 20,000. Kabla hawajachora, waonye kuhusu mihimili. Kwenye Hisabati wamezoea kisababishi kukaa mhimili wa chini, lakini hapa bei inasimama wima na kiasi kinalala. Ni desturi iliyoenezwa na Marshall, nasi tumeirithi ilivyo. Wanafunzi wa EGM ndio huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu wanajua Hisabati.

Sasa leta mvua. Barabara ya kutoka mashambani Kilolo imekatika, na kwa kila bei matenga 40 hayafiki. Ugavi unakuwa 20, 40, 60, 80, 100. Msawazo mpya ni bei 25,000 na matenga 80. Uliza: mahitaji yamefanya nini? Nusu ya darasa itasema yamepungua, kwani yalikuwa 100 na sasa ni 80. Hili ndilo kosa linalokula alama nyingi kuliko yote katika mada hii. Mahitaji hayajahama, watu wamepanda juu ya mkunjo uleule kwa sababu bei imepanda. Kilichohama ni mkunjo wa ugavi, kwenda kushoto. Wafanye zoezi la kinyume pia: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukiingia kununua mahindi, ni mkunjo gani unahama, na kwenda wapi? Rudia kwa mifano sita au saba mpaka jibu litoke bila kubahatisha. Hapa usione haya kuonekana unachelewa kwenye azimio la kazi.

Unyumbufu, yaani kiasi kinachotakiwa kinavyoitikia badiliko la bei, uje wiki ya tano, ukitumia nyanya zilezile. Bei ikipanda kutoka 20,000 hadi 25,000, hilo ni ongezeko la asilimia 25; kiasi kinashuka kutoka 100 hadi 80, asilimia 20. Unyumbufu ni 0.8. Sasa nusu nyingine ya darasa ianze 25,000 kushuka hadi 20,000: bei asilimia 20, kiasi asilimia 25, jibu 1.25. Waache wabishane kidogo. Kisha onesha njia ya katikati: tofauti ya matenga 20 igawe kwa wastani wa 90, tofauti ya bei 5,000 igawe kwa wastani wa 22,500. Pande zote mbili zinatoa asilimia 22.2, na unyumbufu ni 1 popote utakapoanzia. Wanafunzi wa HGE wenye hofu ya namba wape kikokotoo na sehemu za kawaida. Hesabu ya hapa haizidi kugawanya.

Jaribio la wiki ya sita liwe na maswali matatu tu, moja likiwa mchoro. Mchoro wa alama 10 usahihishe hivi: kichwa 1, majina ya mihimili 2, vipimo 1, skeli 2, mikunjo na majina yake 2, msawazo 2. Ukiwa mkali sasa, hawatapoteza alama hizo kwa uzembe kidato cha sita. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Soma ya Uchumi kabla ya kutunga, uone watu huangukia wapi.

Vikundi visivunjwe baada ya jaribio. Kile cha mahindi kiendelee kuandika bei ya kilo kila wiki, muuzaji yuleyule, kipimo kilekile, na wakati wa likizo mwanafunzi wa kutwa aliye karibu na soko alibebe daftari hilo. Wakirudi Januari watakuwa na mstari wao wenyewe, kuanzia mavuno mpaka maghala yanapopungua, nao ndio utakaotundikwa ukutani siku ya kufundisha kwa nini mwenye ghala na asiye na ghala hawauzi kwa bei moja.