Kuweka bamba la kumbukumbu penye ngome ya zamani: mfano wa Kabete

Anza na maneno, fundi aje baadaye. Zege likipasuka litazibwa, lakini mwaka uliokosewa kwenye jiwe husomwa na kunakiliwa miaka na miaka.

Kosa la Kabete, karibu na Nairobi, ni kuchanganya ngome mbili. Ya Dagoretti ilijengwa mwaka 1890 na Frederick Lugard, ofisa wa kampuni ya biashara ya Imperial British East Africa, ikaachwa mwaka uliofuata. Fort Smith, iliyobeba jina la Kapteni Eric Smith, ni ya 1891. Zote zilikuwa za kampuni hiyo, si za serikali. Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki 1895. Wala usiandike kwamba Nairobi ilianzia hapo: mji ulizaliwa na reli, 1899.

Bamba la sentimita 60 kwa 40, lenye herufi za milimita 20, hubeba maneno kama 40 bila kubanana. Kwa mfano:

FORT SMITH. Ngome ya kampuni ya Imperial British East Africa, iliyojengwa 1891. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyefanya mapatano na Lugard 1890, alikamatwa hapa mwaka 1892. Alifia Kibwezi mwaka huo huo akipelekwa pwani.

Wengi watataka iongezwe kwamba alizikwa akiwa hai. Ukiitia, andika "inasimuliwa". Mpe mzee wa hapo na mwalimu wa historia wasome, kila mmoja peke yake, kabla ya kulipia uchongaji.

Usichague shaba nyeupe wala nyekundu; itang'olewa usiku iuzwe kama chuma chakavu. Chukua graniti nyeusi ya milimita 20, herufi zichongwe ndani kisha zipakwe rangi. Herufi za kubandika hazidumu.

Pata idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, na uwaandikie Makumbusho ya Taifa kabla jembe halijagusa udongo. Nguzo ikae nje ya mabaki. Ngome za aina hii zilikuwa na handaki, na udongo wa handaki lililofukiwa haushikamani: nguzo iliyosimama juu yake huinama mvua za masika zikipita. Ukichimba ukakuta udongo mlegevu wenye mkaa au vigae, simama, fukia, toa taarifa, tafuta pengine.

Shimo la msingi liwe sentimita 80 kwa 80, kina 60. Udongo mwekundu wa Kabete unabeba vizuri. Kwingineko Nairobi, penye udongo mweusi wa pamba, chimba mpaka uupite wote, maana hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Zege la 1:3:6 (simiti moja, mchanga tatu, kokoto sita) hapa linataka mifuko miwili ya simiti, madebe 11 ya mchanga na 21 ya kokoto. Maji yawe kidogo. Zege likitiririka kama uji limeshaharibika. Lifunike kwa gunia na ulimwagilie siku saba.

Jenga nguzo kwa mawe ya kuchonga, ukiipima kwa timazi kila safu ya mawe. Uso wa juu uinamishwe kidogo ili maji yasituame. Bamba lishikwe kwa pini nne za chuma kisichoshika kutu pamoja na gundi ya epoksi. Simiti peke yake huachia, kwa kuwa graniti iliyong'arishwa hainyonyi maji. Ukingo wa juu uzibe kwa silikoni. Wa chini uache wazi, maji yaliyopenya yapate pa kutokea.