Massey Ferguson 135: stata ikigoma, anza na ethi

Usikimbilie kununua betri mpya. Pima iliyopo kwa mita: betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ichaji kwanza.

Sasa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi), maana trekta nyingi za zamani huugua hapa. Gia iwe nyutro, breki imefungwa. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya betri inayokwenda kwenye bodi (nguzo yenyewe, si klempu yake), nyingine chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata huku amevuta kizimio ili injini isiwake. Mita ikizidi volti 0.5, umeme unapotelea njiani: kutu au rangi chini ya boliti, au waya uliolika ndani ya ganda ingawa nje unaonekana mzima. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Kimya kabisa? Kagua swichi ya usalama ya gabokisi na waya zake. Tope na mafuta huziharibu. Tafadhali usiiruke kwa waya. Trekta ikiwaka ndani ya gia huua.

Kwa zenye dainamo (jenereta ya zamani ya kuchaji betri) isiyochaji: chomoa waya za D (inayotoa umeme) na F (ya koili ya sumaku), unganisha terminali hizo mbili kwa kipande cha waya, pima kati yake na bodi, ongeza mwendo polepole. Volti zikipanda haraka (usivuke 20), dainamo ni nzima. Tafuta tatizo kwenye kataauti (kisanduku kinachodhibiti chaji). Zisiposoma kitu, tazama kaboni (brashi) za dainamo.