Doa linaweza kuwa damu, linaweza kuwa utomvu wa ndizi: hivi ndo wanavyolipima

Watu wengi wanajua damu ni nyekundu, ila ya eneo la tukio mara nyingi sio nyekundu tena. Ikikauka inakuwa kahawia, ikikaa zaidi inakaribia nyeusi, na madoa ya kahawia nyumbani kwetu yako mengi mno: kutu ya mabati, mchuzi, rangi ya mlango, tambuu iliyotemwa ukutani, na ule utomvu wa mgomba ambao ukigusa shati jeupe ndo basi tena. Mimi nimekaa maabara miaka kadhaa na naomba nielezee hii kazi inavyoenda, maana kuna watu wanaenda jela au wanatoka kwa sababu ya doa la ukubwa wa punje ya mchele.

Shika hili kwanza: maswali ni manne na yanaulizwa kwa foleni. Hii ni damu? Ni ya binadamu? Ni kundi gani? Ni ya nani? Kila kipimo kinajibu swali moja tu, ukikilazimisha kijibu na la pili umeharibu kesi ya mtu.

Kabla hujagusa chochote, piga picha, doa likiwa na rula pembeni ili ukubwa ujulikane, alafu andika liko wapi, urefu gani kutoka sakafuni, limedondoka au limerushwa au limepakazwa. Vaa glavu, na ubadilishe kila unapohamia doa lingine.

Sasa swali la kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni cha fenoftalini, dawa ya maabara inayogeuka pinki, wataalamu wanakiita Kastle-Meyer. Unachukua pamba ya kijiti, unailowesha kidogo kwa maji safi ya maabara, unasugua pembeni mwa doa (pembeni, sio katikati, usilimalize), unadondoshea tone la alkoholi, tone la fenoftalini, halafu UNASUBIRI KIDOGO. Hapo ndo wengi wanakosea kwa haraka. Kama pamba imegeuka pinki kabla hujaweka peroksaidi, dawa ya hatua inayofuata, ujue kuna kemikali nyingine pale inakudanganya, mfano jiki. Ikibaki nyeupe ndo unaweka tone la haidrojeni peroksaidi, na kama damu ipo pinki inakuja palepale ndani ya sekunde chache, pinki ya kweli kabisa ya kuingia machoni. Ikija baada ya nusu dakika na kuendelea usiihesabu, ile dawa ikikaa na hewa inageuka yenyewe. Kinachotokea ni kwamba himoglobini, ile yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni mwilini, inaharakisha peroksaidi ifanye kazi kwenye dawa. Shida ni kwamba baadhi ya mboga na viazi vina vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyohiyo, kwaiyo pinki maana yake ni "inawezekana ni damu", basi. Na kila siku kabla ya kuanza unapima dawa yako kwenye damu unayoijua na kwenye pamba tupu, ukiruka hii hatua majibu yako yote ya siku hiyo hayana mguu wa kusimamia.

Kama mtu ameshapiga deki ndo inakuja luminoli, dawa ya kupuliza inayowaka ikikutana na damu. Unazima taa, unafunga mapazia, unapuliza, na pale palipokuwa na damu panatoa mwanga wa bluu kwa muda mfupi, hata kama macho yalikuwa hayaoni kitu. Jiki na shaba navyo vinaiwasha, jiki inamulika ghafla na kuzima haraka, damu inawaka taratibu zaidi. Mimi nashauri luminoli iwe ya mwisho, kwasababu unapuliza maji juu ya damu ambayo tayari ni kidogo, unazidi kuichuja.

Swali la pili lina historia yake na naipenda sana. Mwaka 1901 kisiwa cha Rügen, Ujerumani, watoto wawili ndugu waliuawa, akakamatwa fundi seremala anaitwa Ludwig Tessnow, nguo zake zina madoa. Miaka mitatu nyuma alishawahi kuhojiwa kwa mauaji ya wasichana wawili, akasema yale madoa ni rangi ya mbao, akaachiwa. Safari hii nguo zikapelekwa kwa Paul Uhlenhuth, daktari wa Kijerumani, ambae alikuwa ametoka kugundua kwamba ukimchoma sungura sindano yenye damu ya binadamu, mwili wa sungura unatengeneza kingamwili, na seramu (yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitolewa) ya sungura huyo ukiikutanisha na damu ya mtu kwenye kichupa inafanya ukungu mweupe, ukiikutanisha na ya mnyama wa kufugwa inatulia. Akapima madoa moja moja, akakuta damu ya binadamu, akakuta na ya kondoo, na kweli kuna kondoo walikuwa wamechinjwachinjwa kule kisiwani kabla ya mauaji. Tessnow akahukumiwa kifo. Leo kipimo ni kikadi kidogo kama kile cha malaria, unadondoshea, mstari mmoja hamna, miwili ni damu ya binadamu. Kwetu hili swali ni la muhimu sana, nyumba iliyochinjwa mbuzi wa Idd ina damu kila kona na hakuna aliyekufa.

Kundi sasa. Karl Landsteiner kule Vienna ndo alionyesha makundi ya damu kati ya 1900 na 1901. Kwa damu mbichi ni rahisi, unachanganya na seramu ya anti-A (yenye kingamwili inayoshika alama ya kundi A) na ya anti-B (inayoshika ya B) unaangalia wapi chembe zinagandana. Ila damu ikikauka chembe nyekundu zinapasuka, hamna cha kugandana tena, kwaiyo inabidi uzunguke. Unachomoa uzi mmoja wa nguo yenye doa, unaukata vipande, kimoja unakiwekea anti-A, kingine anti-B, kingine dawa ya kutafuta H, alama inayotumika kutambua kundi O. Vinalala kwenye friji masaa. Kingamwili inayomjua mwenzake itang'ang'ania kwenye uzi, isiyomjua utaiosha kwa maji ya chumvi ya baridi, uoshe mara nyingi, usione uvivu. Alafu unapasha joto la nyuzi 56, iliyong'ang'ania inaachia, unaongeza chembe freshi za kundi unalolijua, unaweka chini ya hadubini. Zikishikana mafungu mafungu umepata jibu. Na ukate pia uzi wa sehemu isiyo na doa ya nguo hiyohiyo upime sambamba, jasho na mate ya watu wengi yana alama za kundi vilevile.

Kundi linamtoa mtu, halimfungi. Doa likiwa B na mtuhumiwa ni A, damu sio yake. Likiwa O na yeye O, huku kwetu karibu nusu ya watu ni O, umesema nini sasa? Ndo maana siku hizi maabara nyingi zinaenda moja kwa moja kwenye DNA, ambayo inatoka kwenye chembe nyeupe, nyekundu zilizokomaa hazina kiini.

Lakini yote hayo yanafia kwenye ufungashaji. Nilishapokea shati limeloa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, joto hili letu, nafungua ni harufu na ukungu wa kijani, hakuna kipimo kilichotoka, na nyuma ya lile shati kulikuwa na familia inasubiri. Damu mbichi ikauke kivulini, sio juani, sio kwa pasi, halafu bahasha ya kaki, kila kitu bahasha yake, lebo, tarehe, saini ya kila aliyeishika. Na doa usilitumie lote, bakiza la kutosha ili mtaalamu wa upande wa pili akitaka kurudia kipimo akute kitu.