Tawi moja la waridi limerefuka na halitoi maua? Acha mbolea kwanza

Hili swali naulizwa kila mara. Una kichaka chako cha waridi kinachanua mwaka mzima hakikusumbui, mara tawi moja linachomoka, linapiga mita mbili na zaidi, linatafuta ukuta wa jirani, na ua hakuna. Wengi wetu hapo tunakimbilia kumwaga mbolea. Subiri.

Chuchumaa uangalie limetokea wapi. Kama limetoka chini ya kile kifundo pale palipobebeshwa (yaani waridi lako lilipounganishwa juu ya mche mwingine wenye mizizi), hilo si waridi lako, ni la mche wa chini uliotumika kubebeshea, na mara nyingi hata majani na miiba yake utaona haifanani, kwa hiyo fukua udongo kidogo ulinyofoe pale pale linapoanzia maana ukilikata juu juu linarudi na wenzake. Ila kama limetoka juu ya kifundo na majani ni yale yale, hapo ndo pana stori.

Mawaridi mengi ya porini huchanua msimu mmoja tu. Yana jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, inaitwa KSN, kazi yake ni breki ya maua. Sasa huko China zamani sana kipande cha DNA, cha aina inayojinakili na kujipachika popote, wataalamu wanaita transposoni, kikajibana ndani ya jeni hiyo, kina herufi za DNA kama 9,000 hivi, breki ikafa. Ndo likapatikana waridi la kuchanua mfululizo kama Old Blush, lililofika Ulaya karne ya 18, na mawaridi mengi ya kisasa yamerithi hiyo breki mbovu. Kipande hicho ni ndugu wa vile vitu mwanasayansi wa Marekani Barbara McClintock alivyoviona kwenye mahindi miaka ya 1940, wenzake wengi hawakumwelewa, Nobel akaja kupewa 1983!

Kipande hicho ncha zake mbili zinafanana. Mara chache sana, kwenye chipukizi kimoja, ncha zinaungana, katikati panadondoka, inabaki ncha moja, na breki inapona kwa kiasi fulani. Tawi linasahau maua linakimbilia urefu. Old Blush ya kutambaa ilitokea hivyo hivyo. Sisemi kila tawi refu ni hilo, ila ukishaangalia kifundo na bado halichanui miezi inapita, lishuku.

Unataka maua? Likate kwenye shina linapoanzia, usipunguze ncha tu, macho yake yote (pale chipukizi zinapotokea) yana tabia ile ile. Unataka la kufunika ukuta? Liache, lilaze kwa ubavu kwenye waya, matawi ya pembeni ndo yatatoa maua, na upogoe baada ya kuchanua, sio kulinyoa kila mwezi kama kichaka.

Kosa kubwa naliona kwenye vipandikizi. Mtu anachagua tawi refu nene kwa sababu limenona, anapanda tuta zima, mwaka unaisha ana majani matupu halafu anamlaumu aliyempa mbegu. Kipindi cha maua funga uzi mwekundu kwenye tawi linalochanua vizuri, maua yakinyauka kata hapo hapo vipande vya urefu wa penseli, na lile refu lisilo na uzi usiliguse hata likikukonyeza.