Kabla ya kumaliza mega kwa kozi ya Python
Wenzangu wa Goma mnaoanza Python, lugha ya kuandika programu za kompyuta, kabla ya kupakua kozi ya video tazameni mifano yake ya mwanzo. Mkiona print "Jambo" bila mabano, au raw_input, iacheni: hiyo ni Python 2, iliyoachwa rasmi mwaka 2020, na kwenye Python 3 mstari wa print unaleta SyntaxError (kosa la uandishi wa msimbo) papo hapo. Chukueni mafunzo rasmi ya docs.python.org/fr, yako kwa Kifaransa, ni maandishi, hayali mega nyingi, na kurasa mkizihifadhi mtasoma hata bila mtandao. Kipimo hiki hakitoshi kwa kozi za Django, zana ya Python ya kutengeneza tovuti: mabano yanaweza kuwa sawa na kozi bado ni ya zamani. Hapo andikeni kwenye dirisha la amri (terminal) python -m django --version, mlinganishe toleo mlilo nalo na linalofundishwa.